Mandolini ya Barazani Bunda

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa kijana wa cherehani pale Musoma, nikifanya kazi kwa Bwana Salehe, fundi aliyekuwa na duka karibu na soko. Alinituma Bunda kuchukua majora ya kitambaa kwa ndugu yake. Nikavaa suruali mpya niliyojishonea mwenyewe, nikapanda lori.

Vita vilikuwa vimekwisha, na askari walikuwa wanarudi mmoja mmoja, wengine na makoti mazito, wengine mikono mitupu. Kaka yangu Magesa hakurudi. Nyumbani Butiama tuliambiwa amefia mbali, basi. Hatukuletewa hata kofia yake. Mama alikuwa akimwona mtu yeyote mwenye koti la jeshi, anamfuata kumuuliza kama alimjua mwanawe.

Barazani kwa ndugu yake Bwana Salehe nilimkuta mwanamume ameketi, mguu mmoja ameunyoosha umefungwa kitambaa, amepakata kitu kama gitaa dogo. Tumbo la kitu kile lilikuwa la duara kama kibuyu kilichopasuliwa, nyuzi zimepangwa mbili mbili, na kigingi kimoja cha kukazia kilikuwa kimekatika, kimechomekwa kijiti. Leo najua ile ni mandolini. Siku ile niliona gitaa lililoharibika tu.

Alinitazama sana usoni. "Kijana, wewe si mtu wa Butiama?"

Sisi vijana wa mjini, mwanangu, tuliona haya kuitwa watu wa shamba. Nikamjibu, "Mimi ni wa Musoma."

"Hebu shika hiki kwanza. Mimi natafuta—"

"Sinunui, mzee. Lori litaniacha."

Nikabeba majora yangu nikaondoka. Bei hakuwa ameitaja. Hilo nilikuja kulifikiria baadaye sana.

Mvua zilikuja zikapita. Siku moja nimekwenda kumwona mama, akafika mgeni, Masatu, mvuvi wa Murangi aliyekuwa jeshini pamoja na kaka. Alikula, akanawa, ndipo akasema:

"Mama, Magesa alikuwaga anapiga mandolini. Aliipata kwa mfungwa wa Kitaliano kule Abisinia, akampa blanketi lake. Jioni alikuwaga anatupigia mpaka tunasahau njaa. Alipozidiwa akampa mwenzetu mmoja wa Mugeta, akamwambia, ukifika salama, mpelekee mama. Haijafika?"

"Haijafika," mama akasema.

Nikamuuliza Masatu ilikuwaje hiyo mandolini. Akasema tumbo la duara, nyuzi mbili mbili.

"Na kigingi kimoja kimekatika?"

"Hapana. Niliyoijua mimi ilikuwa nzima vigingi vyote. Ila ilikuwa na ufa pale karibu na tundu, Magesa akauziba na nta."

Ufa sikuuona, mwanangu, kwa sababu sikuangalia. Labda kigingi kilikatika njiani. Labda ilikuwa mandolini nyingine, maana askari wengi walirudi na vitu vya Wataliano. Lakini mbona aliniuliza kama mimi ni wa Butiama? Watu walikuwa wakisema mimi na Magesa ni sura moja.

Nilimweleza mama yote. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ilikuwa inaliaje?"

"Sikuisikia, mama."

Akainuka, akaenda kuwafungia mbuzi.

Nilirudi Bunda. Ndugu yake Bwana Salehe akaniambia yule mtu alishinda pale barazani akiuliza kila mpita njia kama anatoka Butiama. Mguu ulipomzidi, watu wakampakia kwenye mkokoteni kumrudisha kwao. Nikaenda Mugeta kwa miguu, nikauliza hadi nikampata dada yake.

"Kaka amefariki," akasema. "Mguu ulioza. Karibu ndani, baba."

Nikampa pole, kisha nikauliza habari ya mandolini. Akasema kuna mchunga ng'ombe alipita akielekea mnadani, akaipenda, wakampa.

"Hatukujua ni ya nani. Kaka alikuwaga anasema tu ni mzigo wa watu. Jina hakutuambia, na sisi hatukumuuliza."

Tulikaa naye, yeye anamlilia kaka yake, mimi namlilia wangu.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila penye harusi, nyuzi zikianza kulia, alikuwa anasimama na kutega sikio, halafu ananitazama kama ananiuliza. Amezikwa bila kujua, na mimi nimezeeka bila kujua. Zipo siku naamini ile ilikuwa yenyewe. Siku nyingine najiambia hapana, ili nipate kula.

Basi sikia, mwanangu. Mtu akikuita njiani, simama, hata kama gari linanguruma kuondoka. Muulize ametoka wapi na anatafuta nini, umwache amalize, ndipo umjibu. Na ukiulizwa kwenu, taja kwenu, maana hujui ni nani anayepatafuta.

Mungu akupe subira ya kusikiliza. Watu wako waliosafiri akurudishie wazima, na yule asiyerudi, habari zake zifike mlangoni kwako ukiwa upo. Nenda salama.