Kicheko Nilichomwandikia Shangazi

Nilipoanza kuandika riwaya yangu nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja karibu na Mweiga. Nilitaka iwe ya zamani, kabla ya mzungu kufika, na mlima uwe na sauti: barafu yake iseme na watu, ukungu wake uwameze waliovunja ahadi. Mengine yote niliyapata kwa shangazi yangu.

Alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba, akiishi Endarasha na mumewe. Tulimwita Tata, kama wanavyoitwa shangazi wote kwetu. Kwa miaka mitatu nilikwenda kwake Jumamosi na daftari, tukawa tunachambua maharagwe huku nikimuuliza. Ngozi ya mbuzi ililainishwa vipi? Ghala la mtama liliinuliwa juu ya mawe kwa nini? Niliyoyaandika nilimsomea, naye alinisahihisha bila huruma. Siku moja nilikuwa nimempa mwanamke kazi ya kupanda viazi vikuu.

"Nani alikuambia?" akauliza. "Hiyo ilikuwa kazi ya wanaume. Futa."

Nikafuta.

Ni katika Jumamosi hizo aliponisimulia alivyoolewa. Alikuwa porini akikusanya kuni, wanawake wa upande wa bwana harusi wakamzingira, wakamnyanyua mabegani, wakaondoka naye wakiimba. Alilia mpaka ng'ambo ya kilima. Nilijua kwamba bibi harusi wa zamani alitakiwa kulia, asionekane ana haraka ya kuacha kwao. Kwa hiyo niliandika katika daftari: analia, desturi. Kisha nikamuuliza kamba ya kuni ilisokotwa kwa mmea gani.

Mhariri wangu wa Nairobi alipomaliza kusoma mswada alinipigia simu.

"Mwalimu, dunia yako nimeiona," alisema. "Nimeona mpaka mawe ya ghala. Lakini hawa vijana wawili, tuko ukurasa wa tisini na hata mikono hawajashikana. Nani atawasubiri?"

Alikuwa na haki, na hilo sijawahi kulikana. Nilikuwa nimejenga nchi nzima na kusahau kuweka mtu wa kumpenda mwenzake ndani yake. Nikakata sura mbili za mila na miungu, nikatafuta mahali pa kuyaingiza mapenzi. Hakukuwa na tukio zuri kuliko lile la kubebwa. Nikaandika kwamba kijana alikuwa amemwimbia msichana kupitia barafu ya mlima kwa miezi mingi, na siku ya kubebwa msichana alilia kwa ajili ya watazamaji tu. Nyuma ya viganja vyake alikuwa anacheka. Niliiandika sura hiyo alasiri moja katika chumba cha walimu, na nilijiona fundi.

Kitabu kilipotoka, wasomaji walioniandikia walitaja sura hiyo hiyo. Msichana mmoja wa Karatina alisema alimsomea mchumba wake.

Tata nilimpelekea nakala. Mjukuu wake, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya chuo, alimsomea yote, akiitafsiri kwa Kikuyu. Niliporudi nilimkuta Tata jikoni.

"Ulijuaje kwamba nilicheka?" akaniuliza.

"Si wewe, Tata. Ni hadithi tu."

"Kamba ya kuni ni yangu. Wimbo wa wale wanawake nilikufundisha mimi. Lakini anayebebwa si mimi?"

Nikamjibu kwa sauti yangu ya darasani kwamba kulia kwenyewe kulikuwa desturi.

"Wengine walilia kwa desturi," akasema. "Mimi nililia kwa sababu sikumtaka. Na wewe hukuniuliza."

Akanimiminia chai.

Nilimwambia mhariri kwamba ningependa kuibadilisha sura hiyo kitabu kikichapishwa tena. Akasema ndiyo inayouza kitabu. Ningeweza kushikilia, nami sikushikilia. Niliendelea kwenda Endarasha, lakini Tata aliniongelesha habari za ng'ombe na baridi tu. Nikitoa daftari, alikumbuka kazi shambani.

Alifariki mwaka jana, wakati wa mvua. Katika mkutano wa kupanga mazishi mwanawe wa kwanza alinivuta kando.

"Tunataka utusomee ile page ya Mama akibebwa," akasema. "Watu wajue alipendwa."

"Si yeye yule. Nilibuni."

"Wacha hizo. Kila mtu hapa anajua ni yeye."

Nilikuwa na siku tatu za kukataa. Lakini kukataa kungenilazimu kumweleza sababu, na sababu yenyewe ilikuwa kwamba mama yake hakumtaka baba yake. Nilijiambia kwamba namwonea huruma. Leo nadhani sehemu kubwa ilikuwa woga, na ndani yake kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kwa maana nilipopewa kipaza sauti pale chini ya hema nilisoma vizuri sana. Niliwanyamazisha pa kunyamaza. Pa kucheka walicheka.

Mumewe alikuwa kwenye kiti cha mbele, mzee wa miaka tisini na zaidi, blanketi magotini. Nilipomaliza alinyoosha mkono akashika wangu, akakaa nao muda mrefu.

"Alilia sana siku ile," akasema. "Mpaka leo nilikuwa nafikiri hakunitaka. Sikujua kwamba alikuwa anacheka. Alikuambia wewe?"

Wanawe walikuwa wamesimama karibu, wakinitazama.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Aliniambia."

Akaitikia kwa kichwa, akafuta macho kwa ncha ya blanketi. Nikamuaga nikisema nataka kufika Nyeri kabla ya mvua, nikaondoka kabla hawajashusha jeneza.