Vidole vya Zambarau Kwenye Kaye Yangu

Wanafunzi wangu wa uuguzi wananiita mchawi. Nawasikia. Juri ikikaribia, ule mtihani wa mwisho wa kutoka shuleni, wananiletea kaye zao za staji nizipigie muhuri, na mimi nakataa. Kaye ya staji njo daftari unamoandika kila kazi uliyoifanya hospitalini, na kila mstari unataka saini ya monitere, mwalimu aliyesimama pale akikutazama. Bila saini huingii juri. Juzi msichana mmoja kaniletea mistari saba ya uzazi, yote ya kalamu moja, wino bado unanuka. Nikamuuliza jambo moja tu: huyu mama wa kwanza alizaa akilia ao akinyamaza? Akatazama viatu vyake. Nikamrudishia kaye yake. Waniite mchawi! Hasira yangu ina miaka mingi kuliko huyo msichana.

Mwaka wangu wa mwisho shuleni ulikuwa mwaka wa vita. Mji wetu wa Kindu ulikuwa mikononi mwa waasi, chumvi ilikuwa ya kulambishana, na darasa letu zima lilikuwa na kitabu kimoja cha uzazi. Tulikinakili kwa mkono, kila mtu sura yake. Mimi na rafiki yangu tulijitayarisha uani kwetu, Mikelenge, huku tukitwanga mpunga. Yeye anauliza, "Dalili za kondo kubanduka?" na mimi najibu, kila pigo la mchi dalili moja. Nikisahau, mchi unasimama, na mama yangu anapiga kelele kutoka jikoni kwamba watu hawali dalili.

Kichwani tulikuwa tayari, haki ya Mungu. Kilichobaki ilikuwa kaye. Juri ilitaka uzazi ishirini, na mimi nilikuwa na sita zenye saini. Halafu siku risasi zilipoanza kulia karibu na hospitali, monitere wetu akavuka mto na baiskeli yake, akashika njia ya Kampene. Sikumlaumu. Kila mtu na roho yake. Lakini mimba haingoji vita viishe. Akina mama waliendelea kuja, na waliowakuta pale ni sisi wawili, wanafunzi, tukipokezana zamu.

Askari walikuwa wamebeba magodoro. Glavu zetu zilikuwa mifuko ya plastiki. Kitovu tulifunga kwa uzi tuliochomoa kwenye chandarua na kuuchemsha. Mama wa kwanza alizaa salama, nikanawa, nikafungua kaye, nikaandika vizuri kama nilivyofundishwa. Nikafika kwenye nafasi ya saini. Asaini nani? Aliyeona ni yeye mama peke yake, na hakujua kuandika. Nikachukua ile dawa ya zambarau tunayopaka watoto wenye vidonda vya mdomo, nikampaka kwenye kidole gumba, akakandamiza. Nikafanya hivyo kwa wote, mara kumi na nne.

Habari za yule wa nne nitazieleza. Alitoka Alunguli, ng'ambo ya mto, akiwa na uchungu, amelala ndani ya mtumbwi ili wapiga risasi wasimwone. Alizaa kwenye sementi, juu ya kitenge chake mwenyewe. Nilipompaka dawa kidoleni aliniuliza, "Hapa umeandika nini, mudogo wangu?"

Nikasoma: "Mtoto wa kike. Hai. Kilo mbili na gramu mia nane."

"Hai," akasema. "Soma tena."

Nikasoma tena. Mwezi haukuisha, yeye na watu wa kwake wakakimbilia porini, na homa ikamchukua yule mtoto huko huko. Ofisi ya kuandikisha watoto ilikuwa imefungwa, askari wanawashia moto karatasi zake. Kwa hiyo duniani kote mtoto yule alikuwa ameandikwa mahali pamoja, kwenye kaye yangu.

Vita vilipotulia kidogo, watu wa juri wakashuka na ndege. Monitere naye akarudi kutoka Kampene, amenenepa. Mkubwa wa juri akafungua kaye yangu, akafika kwenye zambarau, akaiinua ili wenzake waone.

"Hii ni kaye ya staji, ao ni karatasi ya kugawia watu msaada?"

Wakacheka. Na monitere akacheka! Nikamwomba asaini, nikamwambia wale akina mama wapo, niwaite, waje na watoto wao mgongoni. Akakohoa, akasema, "Siwezi kusaini nisichokiona." Mkubwa akasema uzazi bila saini haukufanyika. Akatoa kalamu nyekundu akaanza kufuta, mstari kwa mstari. Kwa rula! Mungu wangu, alitafuta rula ili awafute akina mama wangu vizuri.

Nikarudia mwaka. Rafiki yangu, aliyekuwa na alama kumi na moja za vidole kwenye kaye yake, hakurudi shuleni. Anauza sombe, majani ya muhogo, sokoni mpaka leo, na mikono ile! Na mwaka uliofuata nilipata saini zangu zote. Monitere alikaa kwenye kiti barazani, akimenya karanga. Mimi ndani na mama, yeye nje na karanga. Nikitoka anasaini bila kuinua kichwa. Hizo njo uzazi zilizofanyika. Hizo njo zilizonipa diploma.

Siku hizi monitere ni mimi. Nami nawaambia wanafunzi, "Siwezi kusaini nisichokiona." Ni maneno yake yule mtu, na kila nikiyasema yananiudhi, lakini ni ya kweli. Uongo ulikuwa ndani ya yule aliyeyasema.

Mwezi uliopita yule mama wa Alunguli alimleta binti yake wa mwisho kuzaa. Tulipomaliza akanishika mkono. "Ile kaye yako ya vita, ingali iko?"

Miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia habari ya kalamu nyekundu. Kesho yake nikaileta, nikaifungua mbele yake, nikitamani angekuwa na macho mabovu. Macho yake ni mazima. Akakiona kidole chake.

"Na huu mustari mwekundu njo nini?"

"Yaya, dada yangu, walisema uzazi bila saini haukufanyika."

Akapitisha kidole juu ya ule mstari. Halafu akaniuliza polepole, kama mtu anayeuliza bei: "Basi mutoto wangu hakuzaliwa?"

Monitere haruhusiwi kusaini kazi yake mwenyewe. Mimi njo ninayewafundisha hivyo, na nimemfukuza mtu darasani kwa sababu hiyo. Nikachukua kalamu. Pembeni ya kidole, juu ya ule wekundu, nikaandika: nimeona. Nikasaini. Nikatia muhuri, kwa nguvu, meza ikalia.

Nilipotaka kufunga kaye, akanizuia kwa mkono.

"Usifunge mbio," akasema. "Wino haiyakauka."