Tulivyoufundisha Ukumbi wa Rumonge Kunyamaza

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Ilikuwa Kabezi, kusini mwa Bujumbura, katika chumba cha kusomea kilichokuwa kando ya barabara kuu, na joto la ziwa lilikuwa limeshapanda ingawa asubuhi ilikuwa bado mbichi. Mkuu wa kituo, ambaye sote tulimwita Shefu, alinitazama kuanzia shingoni hadi viatuni.

"Umekuja kuoa ama umekuja kufanya kazi?"

"Kufanya kazi, Shefu."

"Basi toa hiyo kamba. Vitabu viko na vumbi."

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na lisansi, yaani shahada, ya fasihi. Tasnifu yangu ilihusu ukimya katika riwaya: kurasa nyingi ajabu kuhusu kutosema kitu. Walimu walionisikiliza nikiitetea waliielewa mada vizuri mno, kwa maana hawakuniuliza hata swali moja.

Nayasimulia haya kwa ajili yenu mnaoingia sasa katika kazi ya maktaba, mnaoniita Mzee ingawa nywele zangu bado zinabishana kuhusu rangi. Mmezoea kuona ukumbi wa Rumonge ukiwa mtulivu, mkadhani ulijengwa hivyo. Haukujengwa hivyo. Nusura tuupoteze.

Chumba cha Kabezi kilikuwa cha matofali ya udongo, dari lake la matete, na sakafu yake imetandikwa mikeka. Nje basi ndogo zilipiga honi kama zinalipwa kwa honi. Ndani ulimsikia mtu akifunua ukurasa. Kwa muda mrefu niliamini utulivu ule ni heshima waliyompa msomi mpya.

Kutoka Kabezi nilihamishiwa Nyanza-Lac. Huko wasomaji wetu wengi walikuwa watu waliorudi kutoka Tanzania baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Walikuwa na Kiswahili kizuri kuliko changu na desturi moja iliyonitia wasiwasi: mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakamzunguka kusikiliza. Niliwaendea nikiwa na kidole mdomoni. Mratibu wa kituo akaniita pembeni.

"Ndugu yangu, kitabu kiko kimoja, masikio ni mengi. Unataka kugawa nini sasa?"

Nikakaa nami nikasikiliza.

Niliipata kazi yangu ya kweli Rumonge, chini ya Mkurugenzi wa Maktaba, mama mfupi aliyefunga miwani yake kwa kamba ya kiatu na ambaye mji mzima ulimwita Madamu. Nimefanya kazi na wakubwa wa kila aina, na sijaona mwingine kama yeye. Kwa miaka alikuwa ameweka vitabu vya umma katika makabati ya kuazima ya shule, akiomba jengo. Mwishowe komini, yaani halmashauri yetu, ikampa bohari la zamani la mafuta ya mawese, likakarabatiwa.

Likapendeza! Kwetu, jengo la umma likikarabatiwa lazima ling'ae. Vigae viliwekwa sakafuni, vikapanda ukutani hadi usawa wa kifua. Madirisha yakawa makubwa, ya vioo, yakitazama ziwa. Dari la zamani la matete liling'olewa kwa sababu lilionekana la kijijini, na mabati mapya yakaachwa wazi ili kila mtu aone kwamba ni mapya. Nami nilipofika niliusifu ukumbi kwa maneno makubwa, nao ukayarudia yote.

Siku ya ufunguzi ngoma zilipigwa nje, hotuba zikatolewa ndani. Alizungumza Musitanteri, yaani msimamizi wa komini, mtu mchangamfu aliyependa kazi yake. Lakini katika ukumbi ule neno la kwanza lilikuwa halijafa la pili likazaliwa juu yake. Mafundi wa sauti hutofautisha mambo mawili hapo. Mwangwi ni sauti inayokwenda na kurudi, ukaisikia mara ya pili. Mvumo ni sauti isiyotaka kuondoka: inazunguka kutoka ukuta hadi ukuta na kuyafunika maneno yanayoifuata. Sisi tulikuwa na vyote viwili. Musitanteri aliponyamaza anywe maji, tulidhani amemaliza, tukapiga makofi. Akafurahi, akaendelea. Alipofunua karatasi, tukapiga tena.

"Mumesikia muzuri?" akauliza akishuka jukwaani.

"Sana, Musitanteri! Murakoze!" tukajibu, tukimshukuru kwa Kirundi.

Hakuna mtu kwetu ambaye angemwambia mgeni wa heshima kwamba maneno yake hayakufika. Ndiyo adabu tuliyolelewa nayo, na adabu hiyo karibu iue maktaba.

Wasomaji walikuja siku chache, wakaanza kupungua. Kiti kimoja kikiburutwa, ukumbi mzima ulipiga kelele. Mvua ikinyesha juu ya mabati, hata kupiga chafya ilikuwa siri yako peke yako. Aliyeumia zaidi alikuwa Mama Yoranda, mkulima wa mihogo wa Minago, mmoja wa wale waliorudi kutoka Tanzania. Kila wiki aliwasomea hadithi akina mama waliokuwa wakijifunza herufi. Sauti yake ni laini, hakuumbwa kugombana na jengo. Alasiri moja akafunga kitabu katikati ya sentensi.

"Madamu, humu ndani mimi nasoma, na nyumba nayo inasoma. Nyumba iko na sauti kubwa kunishinda."

Wakaondoka wote, wakachukua baiskeli zao. Wiki iliyofuata hawakuja.

Musitanteri alipita, akauona ukumbi mtupu. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioogopesha. "Madamu, watu wako wanakimbia. Harusi hazikimbii." Shule zikifunguliwa na ukumbi ukiwa bado mtupu, baraza la komini lingeufanya ukumbi wa sherehe, na vitabu vingerudi kwenye makabati ya kuazima.

Mimi nilichukua hatua ya kisomi: nilibandika matangazo ya KIMYA kwenye kila ukuta. Wanafunzi wapya wa herufi wakayakuta, wakafurahi kupata neno fupi, wakalisoma kwa sauti: "Ki-mya! Ki-mya!" Ukumbi ukaitikia.

"Lisansiye," Madamu aliniambia, kwa maana ndivyo alivyoniita kila nilipofanya jambo la kisomi, "karatasi inafyonza wino. Haifyonzi sauti. Na watu hawana kosa. Anayepiga kelele ni ukumbi."

Akasimama katikati ya sakafu, akapiga kofi moja, akainua kidole tusikilize. Kofi liliacha mkia mrefu uliotambaa juu ya mabati. Akaenda kila pembe akipiga kofi na kusikiliza mkia wake, huku wauza samaki wakichungulia dirishani na kupeana habari kwamba Madamu amechoka akili. Kisha akanieleza. Kitu kigumu na laini kama kigae huirudisha sauti kama mpira. Kitu chenye nywele, nyuzi na vitundu huifyonza: sauti huingia, hupotea njia humo ndani, haitoki tena. Hapo ndipo nilipoyaelewa matete na mikeka ya Kabezi. Ile heshima niliyodhani nimepewa ilikuwa imetandikwa sakafuni.

Dawa ilijulikana, basi. Tatizo ni kwamba dawa ilikuwa kufunika vigae, navyo vilikuwa fahari ya komini. Na Musitanteri angeamini vipi kwamba ukumbi una ugonjwa, wakati mji mzima ulimwambia kwamba alisikika sana?

Madamu alimwalika kwa ziara fupi. Alikiweka kiti cha heshima mwisho kabisa wa ukumbi, ukutani, naye akasimama mbele na karatasi, akaanza kusoma kwa sauti yake ya kawaida. Musitanteri akaweka mkono sikioni. Akaegemea mbele. Mwishowe akanyanyua mkono.

"Madamu, hicho ni Kifaransa?"

"Ni Kirundi, Musitanteri."

"Kirundi cha wapi?"

"Chako. Ni hotuba yako ya ufunguzi."

Nilivitazama viatu vyangu. Nilikuwa na mke na watoto, na nilianza kujiuliza kama kituo cha Kabezi bado kinahitaji mtu wa kufuta vumbi.

"Na siku ile mulipiga makofi," alisema Musitanteri.

"Tulipiga."

"Mulikuwa munapigia nini?"

"Heshima yako, Musitanteri. Maneno yako tuliyatafuta, hatukuyapata. Nilitaka uyatafute na wewe."

Aliinuka. Akapiga kofi moja, akausikiliza mkia wake mpaka ukaisha. Halafu akacheka, kicheko ambacho ukumbi ulikirudisha vibaya sana. "Kumbe nilikuwa naongea na ukuta! Sawa, Madamu. Funika. Lakini shule zikifunguliwa nitarudi, na nitakaa hapa hapa."

Tukaanza kazi. Seremala wetu alikuwa Mzee Ramadhani, mtu wa Rumonge wa zamani, aliyetengeneza fremu za mbao bapa. Ndani ya fremu tulijaza mabaki ya kaguwa, yaani mitumba iliyochanika kiasi kwamba hata sokoni haikupata mteja, na mbele tukavutia kitambaa cha gunia. Mafundi wa mjini huziita paneli. Mzee Ramadhani aliziita makoti.

"Mwalimu, ukuta munauvalisha koti Rumonge hii, na hili joto? Si utatoka jasho?"

"Acha utoke, Mzee," nikamjibu. "Mradi usiseme."

"Hata bibi yangu ningemshonea moja."

Paneli yangu ya kwanza niliishindilia kwa nguvu zote, nikidhani nguo nyingi zitakula sauti nyingi. Madamu aliigonga kwa kidole. "Umetengeneza jiwe. Acha nafasi ya hewa, sauti ipate pa kuingia." Na hatukuzigandamiza paneli ukutani. Tuliziacha mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, kwa sababu hewa ile ya nyuma husaidia kumeza sauti nene, kama za wanaume na injini za boti. Dari la matete likarudi chini ya mabati, likiwa zito maradufu kwa ajili ya mvua. Makabati ya vitabu yakahamia ukuta wa nyuma, maana vitabu vya unene tofauti huvunjavunja sauti isirudi nzima. Miguu ya viti tukaivisha raba ya matairi makuukuu, na Mzee Ramadhani akaanza kutuuliza viti vyetu vinavaa namba ngapi.

Ukuta mmoja Madamu alikataa tuuguse, ule wa mbele, nyuma ya msomaji. "Huyu aachwe mgumu. Msomaji anahitaji mtu wa kumsukuma mgongoni." Ukimeza sauti yote, chumba kinakufa, na mtu huzungumza kama aliyefunikwa blanketi. Kwa hiyo vigae vya mbele vilibaki viking'aa, na fahari ya komini ilipata pa kukaa.

Shule zilipofunguliwa, Musitanteri alikuja na kukaa kiti kile kile. Madamu alikuwa amekwenda mwenyewe Minago kumwomba Mama Yoranda ajaribu mara moja tu, naye akaja na akina mama wake. Alikuwa hajamaliza ukurasa wa kwanza mvua ikaanza. Nilimtazama Madamu. Alikuwa amevua miwani, ameishika kwa mikono miwili. Juu yetu mabati yalinguruma, lakini kwa mbali, kama mvua ya jirani.

Mama Yoranda hakupandisha sauti. Ilikuwa hadithi ya mwanamume aliyebeba mlango wa nyumba yake safarini ili wezi wasiufungue. Alipofika kwenye neno la kuchekesha, akina mama wa mbele walicheka, na nyuma kabisa Musitanteri akacheka nao, wakati ule ule. Katika ukumbi wa zamani kicheko cha nyuma kingechelewa, au kisingekuja kabisa.

Mama Yoranda alinyamaza, akidhani mkubwa anataka kusema. Musitanteri alimpungia mkono.

"Endelea, Mama. Huyo mwanaume na mlango wake, alifika?"

Alisikiliza hadi mwisho. Akitoka alimwambia Madamu maneno machache tu: "Harusi nitazitafutia pahali pengine." Madamu alisema murakoze, akarudisha miwani puani, akaenda kufunga dirisha lililokuwa likiingiza mvua.

Alistaafu kabla yangu, na mimi nikamfuata. Katika miaka yote niliyofanya kazi naye sikumsikia hata mara moja akimwambia msomaji anyamaze, naye hakuwahi kuandika popote kwamba kazi ile ilikuwa yake. Mkiingia maktaba yoyote iliyokarabatiwa, msitafute kwanza rangi wala kung'aa. Pigeni kofi moja, msikilize.

Siku hizi naenda pale nikiwa msomaji, bila tai. Nakaa nyuma. Mbele, mama fulani anajifunza herufi, anasoma taratibu. Kabla ya neno gumu namsikia akivuta pumzi. Kisha analisema.