Pilipili ya Macho, Pilipili ya Mdomo

Mimi nina mdomo, sikatai. Marehemu mama alikuwa akisema nilianza kubisha kabla sijajua kutambaa. Basi nikikuambia kwamba wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni mtu na nusu, ujue sisemi kwa kujipendekeza.

Anafanya kazi kwenye bustani ya kuuza maua na miche ya kupamba nyumba. Asubuhi anajifunga kitambaa puani, anabeba bomba la dawa mgongoni, anapulizia wadudu mstari kwa mstari. Kisha anamwagilia, anang'oa magugu, anafuta vumbi kwenye majani, maana wateja wa pale hununua kwa macho. Mikono yake ina nyufa zenye udongo ulioishinda hata sabuni ya kufulia.

Baba hakuipenda kazi hiyo. Yeye alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka thelathini na mmoja, na kwake mti usioingia sufuriani ni kuni tu. Kaka alipomleta mchumba nyumbani, baba aliuliza binti anafanya nini. Alipoambiwa, akaguna: "Kumbe anakuza vitu visivyoliwa." Tangu siku hiyo akamwita Bibi Maua, wala hakuwa anamsifu.

Halafu homa ikamwangusha baba. Alipopona, homa ikaondoka na ladha yake. Ukimpa wali, anasema ni karatasi. Ukimpa nyama, ni mpira. Mzee ambaye hajawahi kula chakula chetu bila kukitoa kasoro, sasa akawa anasema "kizuri, ahsante," anasukuma sahani. Ile ahsante ndiyo iliyonitisha. Alikonda mpaka mkanda wake ukatobolewa matundu mapya matatu. Daktari alimpima akasema hana ugonjwa mwingine, ila asipokula tutampoteza.

Kaka ni dereva wa malori, yuko njiani muda wote, kwa hiyo kazi ya kumbembeleza baba ilikuwa yangu na wifi. Siku moja wifi akarudi na chungu cha pilipili za mapambo. Chungu kilikuwa na ufa, kisingeuzika. Pilipili zenyewe ndogo kama ncha ya kidole, zimesimama zikitazama juu, nyingine za zambarau, nyingine za njano, nyingine nyekundu, zote kwenye mche mmoja. Akakiweka dirishani, karibu na kitanda cha baba.

"Upate cha kutazama, baba," alisema. Baba akageukia ukutani.

Lakini macho hayana pazia. Siku ya tatu alikuwa anazitazama. Ya kumi akawa ananisimulia ipi imebadilika rangi. Na Jumapili moja mchana, nimeshika bakuli la mchuzi ambao nilijua hatauonja, akanyoosha kidole.

"Nikatie ile nyekundu humo."

Jamani! Miezi miwili hakuwahi kuomba chochote. Nikaruka kuichuma. Wifi akanidaka mkono.

"Usiiguse! Nimeipulizia dawa mimi mwenyewe. Mlinzi wa pale kazini alikula kiganja kizima cha hizi, akalazwa anatapika. Pilipili hizi zinaliwa, wifi, lakini si zilizokuzwa kwa kuuzwa."

Nikatoka mbio hadi sokoni, nikaleta pilipili za kawaida. Baba akazitupia jicho. "Sikuomba hizo. Nimeomba ile."

Wifi akapiga magoti kando ya kitanda. Akachuma moja iliyoiva, akaipasua, akakung'utia mbegu kwenye gazeti.

"Baba, hii ni ya macho. Ya mdomo nitakuotesha kutokana na hizi mbegu, bila tone la dawa."

"Itachukua muda gani?"

"Miezi mitatu, minne."

"Nitakuwepo?"

"Utakuwepo, maana utamwagilia wewe. Mimi nashinda kazini."

Nilimwona katili. Mgonjwa anaomba tonge, wewe unampa ahadi! Ni kweli baba alianza kuamka kumwagilia, kikombe mkononi. Na ili miguu imbebe, akawa anajilazimisha kumeza uji, uso kaukunja. Mimi sikuliona hilo. Niliona mifupa tu.

Mwezi wa tatu wa kungoja, uvumilivu ukanishinda. Nilichuma tatu kwenye chungu kile cha kwanza, nikazisugua kwa maji ya chumvi, nikazitia kwenye mchuzi. Wifi aliporudi akatazama dirishani, na kumbe alikuwa anazijua kwa idadi. Alichukua sufuria nzima, akaimwaga mtaroni. Nikamtolea maneno. Nikamwambia yeye si damu yetu, ndiyo maana haoni uchungu. Wiki tatu tukawa tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Miche ikazaa, pilipili zikaanza kuiva. Jioni moja nilitoka uani nikamkuta wifi amechuchumaa nyuma ya pipa la maji, machozi yanamchuruzika, makamasi yanamtoka. Nikajua ni lile neno langu.

"Wifi, nisamehe," nilisema. "Ulimi hauna mfupa."

Akatikisa kichwa, hawezi hata kusema. Akafungua kiganja. Kilikuwa na nusu ya pilipili nyekundu.

"He! Na pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

"Nimeila," alisema akihema. "Leo siku ya tatu, moja kila siku. Kama ina kitu, kinipate mimi kwanza."

Mtu huyu hata chai ya tangawizi inamshinda. Nilimchotea maji, nikakaa chini kando yake, nikampepea kwa ncha ya kanga yangu.

Kesho yake nilipika mchuzi. Wifi akakatia pilipili moja bakulini, akamsogezea baba. Baba akameza kijiko kimoja. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Akakohoa, akapiga meza kwa kiganja.

"Naisikia," alisema. "Jamani, naisikia!"

Wifi akaweka chini kitambaa cha kufutia meza, akatoka. Baba hakumwona. Alikuwa anakula: kijiko cha pili, cha nne, cha saba. Mara akasimamisha kijiko, akatafuna polepole, akanikazia lile jicho lake la jikoni.

"Nani kapika mchuzi huu?"

"Mimi, baba."

"Vitunguu havijaiva, vinalia mdomoni! Umri wote huo hujui kukaanga kitunguu? Kesho apike mwanangu yule wa maua. Yule ana subira."

Nikatoka mbio kwenda kumwambia wifi jina jipya aliloitwa na baba. Nilimkuta nyuma ya pipa, amechuchumaa palepale, analia. Nikamshika mkono, nikaufungua. Kiganja kilikuwa kitupu.