Sultani na Beseni la Viatu

Sultani wa Kamembe, jina tu na si cheo, hakuwa mtu wa kudanganywa. Hivyo ndivyo alivyojisifu mwenyewe, na waliomjua walikubali, ila waliongeza kwamba hata ukimpa pole ya msiba atakuuliza ni nani amekutuma. Petroli aliinusa kabla ya kuinunua, akajimwagia kidogo kiganjani, akangoja ikauke, ndipo akatoa pesa. Chai ya mkewe aliikoroga mara mbili, akitazama chini ya kikombe kama kuna kitu kimejificha. Ubaya hakuwa nao. Alikuwa fundi wa moteri za boti tangu ujana, na moteri, alipenda kusema, haifi siku moja. Huanza kukudanganya kidogo kidogo, na asiyeshuku hubaki katikati ya ziwa.

Miaka kumi na mmoja sasa alikuwa akiendesha boti ya kasi ya Mama Emerance, mwanamke aliyekulia Bukavu akarudi Rusizi na akili ya biashara. Boti ilichukua wageni sita. Iliwapeleka mpaka kisiwa kidogo cha mawe upande huu wa Nkombo, mahali ambapo maji ya Ziwa Kivu ni meupe hadi chini. Hapo wageni walivaa jile za kuelea, wakajifunga miwani ya maji, wakatia mrija mdomoni, wakalala kifudifudi juu ya maji wakitazama samaki. Sultani hakupata kuelewa. Mtu alipe, alowe, aone samaki kwa macho yake mawili, halafu amwache pale pale aende kula viazi? Lakini boti ile ndiyo iliyomtoa kwenye grisi ya moteri za watu, ikamvalisha kofia safi, ikamtundikia ufunguo wake shingoni na kumfanya aitwe kapiteni. Aliipenda kuliko alivyokubali kusema.

Na mwezi ule aliogopa kuipoteza. Mama Emerance alikuwa amenunua moteri mpya, na mara mbili Sultani alimkuta ameketi na Sibomana, kijana mwenye cheti cha uendeshaji alichokitoa Kigali. Waliponyamaza alipoingia, moyo wake ulimwambia maneno yote waliyoyaacha. Hakuambiwa kitu. Kwa Sultani, kutoambiwa kitu ndiko kuambiwa kwenyewe.

Basi Jumamosi moja walikuja wageni sita. Watatu walikuwa wauguzi kutoka Kigali, marafiki, wenye kucheka kabla hata hakijatokea cha kuchekesha. Wa nne alikuwa Mama Mukabera wa Giheke, mnene, mwenye sauti ya kuamuru, amelipiwa safari na mwanawe. Wa tano alikuwa Kamikazi, mke wa mwana huyo, aliyeolewa wiki sita tu zilizopita na aliyeletwa ili azoeane na mama mkwe. Wa sita alikuwa mwanamume peke yake, Valens, wa makamo, mpole, na mkononi ana daftari lililofungwa kwenye karatasi ya plastiki.

Daftari. Sultani alilitazama kama mtu atazamavyo nyayo za mwizi shambani.

"Papa, hii moteri inakunywaka litre ngapi kwa saa moja?" Valens aliuliza, hata hawajaondoka ufukweni.

"Unauliza juu ya nini?"

"Napenda kujua tu."

Sultani alimjibu lita kumi na tano, na Valens akaandika. Akauliza moteri ina miaka mingapi. Akaandika. Akauliza, "Na mvua ikikukuta mu ziwa, unafanyaka nini?" Sultani akasema anarudi, na hilo nalo likaandikwa. Hapo hakuhitaji kuelezwa zaidi. Huyu si mtalii, alijiambia. Huyu ametumwa na Emerance aje atafute kosa, ili Sibomana akipewa boti pasiwe na wa kulalamika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa, Sultani alikuwa na desturi yake ya kuhakikisha hakuna mgeni anayebaki majini. Hakuhesabu watu. Marehemu mama yake alimfundisha kwamba watu hawahesabiwi kama mbuzi, maana ukiwanyoshea kidole mmoja mmoja wanapungua, na katika Kamembe yote hungempata mzazi anayekutajia idadi ya watoto wake bila kusita. Kwa hiyo alihesabu viatu. Kila mgeni alivua vyake na kuvitia katika beseni la buluu lililokaa nyuma ya boti. Ukitoka majini, unachukua vyako na kuvaa. Beseni likiwa tupu, wote wamerudi, na hakuna aliyenyoshewa kidole. Kwa miaka kumi na mmoja beseni halikumwangusha.

Walifika kisiwani saa nne hivi, jua kali, ziwa limetulia. Wauguzi walijirusha kwa makelele. Mama Mukabera aliwashangaza wote: aliingia taratibu, akajinyosha, akaogelea kama aliyezaliwa humo.

"Miye nilikomalia Bukavu, tangu mutoto," aliwaambia waliomkodolea macho. "Hii mayi inanijua."

Kamikazi aliingia kidogo tu, akatoka, kichefuchefu cha boti kimemshika. Valens naye hakukaa sana. Alipanda, akaja moja kwa moja nyuma, akainama, akaweka sikio karibu na moteri iliyozimwa, kisha akaigonga gonga kwa kidole. Damu ya Sultani ilichemka. Mtu akigonga moteri ya mwenzake bila ruhusa ni sawa na kumfunulia sufuria jikoni.

"Unatafuta nini mule?"

"Nilisikia kasauti wakati tulikuwa tunakuya. Kama kitu kimelegea." Valens alitabasamu. "Na unajuaka namna gani kama bantu bote bamerudia?"

Sultani alimwonyesha beseni kwa kidevu. Valens alilitazama, akakunja uso kidogo, akafungua daftari. Aliandika mistari mitatu mizima.

Kuanzia hapo Sultani hakuwa na jicho la kitu kingine. Kwa kawaida, wageni wakitoka majini, alisimama penye ngazi akimpa kila mmoja mkono. Siku ile aliketi nyuma juu ya tangi la petroli, mgongo umekakamaa, akimlinda mwenye daftari asije akalegeza skrubu akamsingizia.

Mvua ya Kivu haipigi hodi. Wingu lilishuka kutoka milima ya Congo, upepo ukageuka, na maji yaliyokuwa kioo yakaanza kuchachamaa. Sultani alipuliza filimbi. Wauguzi walipanda wakisukumana, wakavuta turubai, wakajifunika vichwa wote kwa pamoja huku wakipiga kelele za baridi. Kamikazi alikuwa tayari ameketi mbele, ameinama. Kabla ya kuingia chini ya turubai alifanya jambo ambalo bibi harusi yeyote aliyelelewa vizuri angelifanya: alichukua viatu vyake, na akachukua pia vya mama mkwe, akavipakata, ili mama huyo akitoka majini asiiname kuokota viatu mbele ya watu. Kisha akafumba macho asitapike.

Sultani alitupa jicho kwenye beseni. Tupu. Akavuta nanga, akawasha moteri, akageuza pua ya boti kuelekea Kamembe.

Walikuwa wamekwenda kiasi cha mita mia nne, mvua imekwishaanza kuwachapa, Valens aliposimama. Yeye hakuwa chini ya turubai. Alikuwa akitazama nyuma, midomo inacheza, na kidole chake kikaenda kwa kila aliyejikunja pale chini, mmoja, wawili, watatu. Sultani aliona kidole kile na chuki ikampanda. Anahesabu watu, na hajali.

"Papa, rudi!"

"Kaa chini."

"Rudi, nakuambia. Kuko muntu—"

Upepo ulichukua yaliyobaki. Sultani alisikia, asiseme mtu kwamba hakusikia. Alisikia neno rudi mara tatu. Lakini masikio yake yalimfasiria kwa namna yake: nikirudi kwenye mawe katika mvua hii, huyu ataandika kwamba ninahatarisha roho za wageni. Nisiporudi, ataandika kwamba nimemkaidi mgeni. Ametega kotekote. Akakaza mkono, akaongeza mwendo.

Valens hakubishana tena. Alinyosha mkono, akashika ile kamba nyekundu inayomfunga dereva na moteri, akaichomoa. Moteri ikakata. Katika ukimya ule, boti ikiyumba, mvua ikipiga turubai, alisema kwa sauti ya chini kabisa:

"Ule mama eko wapi?"

Turubai lilifunuliwa. Kamikazi aliinua uso, rangi imemtoka, jozi mbili za viatu mapajani. Alitazama kulia, akatazama kushoto, na alipoelewa hakupiga kelele. Aliviminya tu vile viatu kifuani.

Sultani aliigeukia moteri. Mikono iliyofungua moteri gizani kwa miaka thelathini ilishindwa kurudisha kamba mahali pake, mpaka Valens akamshikia. Njia ya kurudi ilikuwa ya dakika mbili, na katika dakika hizo alimwomba Mungu mambo ambayo hakupata kuyaomba tangu mtoto wake wa kwanza alipougua surua. Hakumwomba boti. Aliomba aone rangi ya machungwa ya jile, basi.

Aliiona. Mama Mukabera alikuwa upande wa nyuma wa kisiwa, amekumbatia jiwe, miwani juu ya paji la uso, wimbi likimpanda mpaka shingoni na kumwacha. Sultani na Valens walimvuta ndani, mmoja kila mkono. Alikohoa sana. Kisha alimtazama Sultani.

"Nilizunguka jiwe kidogo tu, kulikuwa samaki bengi kule. Nikasikia moteri. Nikasema, Sultani anageuza boti, atakuya. Nikangoja." Meno yalimgongana. "Boti ikakuwa kadogo. Ikakuwa kadogo zaidi. Miye niko naita, na mayi inaingia mu kinywa. Unajua muntu anawazaka nini pale?"

Sultani alivuta turubai, akamfunika mabega.

Kamikazi alikuwa amepiga magoti mbele ya mama mkwe, analia, bado anamnyoshea viatu. Mama yule alivipokea, akamshika kichwa. "Mutoto, weye ulifanya vizuri. Usilie." Walipokaribia ufukwe, hasira yake ilikuwa imempungua, huruma imeingia mahali pake, kama ilivyo kwa watu wa sauti kubwa. "Sultani, Emerance akisikia hii atakufukuza. Uko na batoto. Miye niko muzima. Tuache hii maneno."

Wauguzi waliitikia kwa vichwa. Sultani alimgeukia Valens.

"Miye sina kitu ya kusema kwa muntu," alisema Valens, na akatia daftari kwapani.

Sultani alishukuru kwa mdomo. Moyoni alijiambia kwamba asiye na cha kusema haandiki. Huyu anataka nikae kimya ili uongo uongezwe juu ya kosa. Aliwaangalia wageni wakipanda mlima kuelekea mjini, na Valens alipoinua simu sikioni, Sultani hakungoja hata kufunga boti vizuri. Alipanda mbio mpaka kwenye kibanda cha ofisi, ambako Mama Emerance alikuwa akianika jile.

"Mama, nimekuya kukuambia mbele ya ule muntu yako."

"Muntu yangu gani?"

Alimweleza yote. Hakuficha beseni wala ngazi aliyoiacha, wala neno rudi alilolisikia mara tatu. Mama Emerance alisikiliza, jile ikimtiririkia miguuni.

"Valens," alisema mwishowe. "Ule wa Bugarama? Aliniambia ni fundi ya mashini ku kiwanda ya muchele. Alilipa kama bengine, iko mu congé, anapumzika kazi. Miye simujue. Sikutuma muntu."

"Na Sibomana?"

"Sibomana atachukua boti ya pili. Moteri mupya ni ya ile boti. Ulifikiri nitafukuza muntu wa miaka kumi na moja?"

Sultani aliketi kwenye ubao wa mlangoni bila kukaribishwa. Mvua ilikuwa imekatika, na huko chini bandarini wapagazi walikuwa wakianza kupakia tena magunia. Boti ilikuwa yake asubuhi ile. Ilikuwa yake wakati wote.

Mama Emerance alining'iniza jile msumarini, akajifuta mikono kwenye kitenge, akaja kusimama mbele yake.

"Nikuulize kitu moja. Kama ungejua ule muntu hanijue, ungekuya kuniambia?"

Majibu mazuri yalimjia Sultani matatu au manne, yote yako tayari, yote yangeweza kuaminika. Alifikiria mama yule na jiwe lake.

"Hapana, Mama."

"Hapana?"

"Singekuya."

Mama Emerance aliitikia kwa kichwa, polepole, kisha akanyosha mkono. "Basi leta ufunguo ya boti."

Sultani aliuvua shingoni pamoja na kamba yake, akamwekea kiganjani, wala hakuuliza atapewa nani.