Bogenvilia Langoni mwa Kanisa Kuu

Kiprugut, fundi wa mawe wa Free Area, alielewana na kila kitu Nakuru isipokuwa nguzo ya kulia ya lango la kanisa kuu. Ya kushoto aliichonga yeye: Mtakatifu Petro, funguo mkononi, uso umekunjwa kama mtu aliyepakuliwa ugali bila mboga. Ya kulia aliichonga fundi mwenzake, Sitati: flamingo waliosokotana shingo hadi kwenye tao.

Kila Jumamosi maarusi walimpita Petro wakakimbilia flamingo wapigwe picha.

"Wanaacha mwenye funguo za mbinguni, wanakumbatia ndege wa matope!" Kiprugut alimlalamikia mkewe, Chepkurui.

"Petro wako anatisha, Baba Chelangat. Nikimpita natubu hata vitu sijafanya."

Wivu ukamtafuna. Siku moja akajifanya ameguswa na Roho, akajitolea kupamba ua wa kanisa. Padri akambariki. Kiprugut akapanda bogenvilia chini ya flamingo, akaitilia samadi kuliko alivyowahi kulitunza shamba la mamake. Ikapanda, ikawameza ndege midomo na miguu. Akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Kumbe balaa. Ilipochanua, maarusi walizidi, wengine wakatoka hadi Keringet.

"Sitati, nguzo yako imeweza!" watu wakasema, na Sitati, bila haya, akaitikia asante.

Kiprugut akaona heri akachukue kazi ya mbali, Ndabibi, asisikie. Hakukanyaga kanisani tena mpaka harusi ya bintiye. Chelangat alikuwa ameapa: picha ya kutundikwa sebuleni itapigwa kwa nguzo ya baba, si kwingine.

Kiprugut akaongoza msafara, kifua mbele. Langoni akaganda. Bogenvilia ilikuwa imevuka tao na kumfunika Petro gubigubi.

"Mzee, nguzo yako ni gani?" mpiga picha akauliza.

"Iko... huko ndani."

Chelangat akaanza kulengwalengwa na machozi. Sitati, aliyealikwa na Chepkurui, akavua koti.

"Leteni panga. Petro hawezi kukosa harusi, boss."

Akafyeka taratibu, bila kulikwaruza jiwe, akaacha maua kichwani pa mtakatifu kama kofia ya sherehe.

Picha iko sebuleni mpaka leo. Chelangat amemwegemea Petro, anacheka. Petro mwenyewe, chini ya kofia yake, anakaribia kupendeza. Aliyekunja uso ni Kiprugut: anaangalia kando, wageni wanakompigia Sitati makofi.