Ukuta wa Majina kwenye Njia ya Fizi

Juzi nilipanda pikipiki kutoka Baraka kwenda Fizi. Tulipofika kwenye ule ukuta wa mashujaa kando ya barabara, dereva akaupita mbio, redio yake ikilia. Nikampiga begani asimame. Akanishangaa. Zamani, rafiki yangu, hakuna aliyepita hapo hivyo. Wenye baiskeli walishuka wakasukuma mizigo yao ya makaa na samaki mpaka wauvuke. Wanawake walitua vikapu, hata mvua ikiwa inakaribia.

Ulikuwa ukuta mfupi wa mawe ya mtoni, umepakwa chokaa, na juu yake yaliandikwa kwa rangi nyeusi majina ya vijana wetu waliokufa vitani. Aliyeyaandika alikuwa mpiganaji mwenzao, aliyerudi na mguu mmoja. Vita vilikuwa bado havijaisha. Mapigano yakitulia kidogo tu, utamwona na kopo lake la rangi.

Mjomba wangu, kitinda mimba wa bibi, aliondoka na wapiganaji hao asirudi. Yule mwenye mguu mmoja alikuja nyumbani kutuambia kwamba alimwona akianguka walipokuwa wakivuka mto, akaomba ruhusa ya kumwandika. Bibi alimpakulia ugali wa muhogo na sombe ya majani yake, akamwacha ale ashibe. Ndipo akamuuliza:

"Ulimuona anaanguka. Ulimuona banamuzika?"

"Hapana, mama. Tulikimbia."

"Basi musimuandike."

Bibi hakujua kusoma, na hakumwamini mtu mwenye kopo la rangi. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimejua kusoma, basi nikawa macho yake. Siku za soko tulipotoka Baraka na ndakala wetu, wale dagaa wakavu, harufu yao ikinishika hadi nywele, tulisimama ukutani. Wengine walitua mizigo wakaomba. Bibi hakutua. Alisimama na kikapu kichwani, vidole vyake vikinifinya bega, nami nikasoma jina baada ya jina.

"Soma polepole," aliniambia. "Usiruke ata moja."

Nikimaliza, aliuliza kama jina la mwanawe liko, nami nikajibu haliko. Hapo ndipo alipovuta pumzi, tukaondoka mbiombio kana kwamba ukuta ungeweza kubadili mawazo. Niliuchukia ukuta ule, nakwambia kweli. Hata nikitwanga muhogo, midomo yangu ilikuwa ikirudia majina ya watu nisiowajua.

Milio ya bunduki ilipokaribia tulikimbilia rasi ya Ubwari kwa mtumbwi, na kila tuliporudi bibi alitaka kupita ukutani kabla ya kwenda kutazama kama nyumba ina paa bado. Katika kurudi kumoja nikalikuta jina la mjomba. Jina lote, la ukoo na la ubatizo. Nikalirudia kwa macho tu. Bibi akanifinya bega, akauliza. Nikamwambia liko.

Furushi lilimwanguka kutoka kichwani, sufuria zikabingirika barabarani, naye akaketi pale pale katikati ya njia, wenye baiskeli wakimzunguka. Mpiganaji akaja mbio na mkongojo wake, akaapa kwamba hakuvunja neno. Huyo aliyemwandika alikuwa kijana wa Kazimia. Kwetu jina la babu mmoja hugawiwa wajukuu wengi, na majina ya ubatizo nayo ni yale yale. Hakufikiri kwamba mtu angechanganya.

Bibi akacheka. Alicheka kwa furaha kabisa, mikono juu, akimshukuru Mungu. Mara kicheko kikamkatikia mdomoni, akauliza kama huyo wa Kazimia ana mama. Mpiganaji akasema anaye.

Wiki ile ile bibi alifunga unga kwenye kitenge, akapanda boti kwenda Kazimia kukaa matanga na mwanamke asiyemjua. Walichozungumza hakunisimulia. Alirudi macho mekundu, na samaki wakavu aliopewa. Tangu hapo alikuwa akitua kikapu ukutani kama wengine, wala hakunitaka tena nisome. Ila jina la mwanawe alikataa lisiandikwe mpaka kufa kwake.

Siku hizi ukuta una nyufa na hakuna anayeshuka kwenye chombo chake. Yule mpiganaji ndiye pekee niliyemkuta pale juzi, mzee sasa, akipaka upya majina yaliyofifia. Tukaamkiana, akanipa pole ya bibi.

"Mama amekwenda," akasema. "Sasa ni wewe unasema. Nimuandike mujomba wako?"

Dereva alikuwa akinipigia honi. Nililitafuta lile jina la kijana wa Kazimia nikalikuta limebaki nusu. Nikamwambia mzee apake hilo upya, linawatosha wote wawili. Akachovya brashi. Alipomaliza herufi ya mwisho nikamlilia mjomba wangu kwa mara ya kwanza maishani, na yule mwingine pia.